Gari Lilichemsha Likiwa Wapi? Majibu kwa Wenye Magari ya Zamani

Maswali ya magari kuchemsha yamekuwa mengi safari hii, na karibu yote yanaishia na "ninunue rejeta nyingine?" Tulia kwanza. Kabla hujatoa hela, kumbuka gari lilichemsha likiwa wapi: kwenye foleni, kwenye mlima, au asubuhi kabla hata ya kutoka getini. Fundi asiyekuuliza hilo anabahatisha.

Swali: Corolla yangu ya 1998 inakwenda Moshi na kurudi bila tabu, lakini nikikwama kwenye foleni Sanawari, hapa Arusha, mshale wa joto unapanda. Fundi anasema rejeta imeziba. (Msomaji wa Sakina)

Jibu: Rejeta iliyoziba ingekusumbua kwanza barabara ya Moshi, injini ikiwa kazini, si Sanawari. Gari likiwa kwenye mwendo linapozwa na upepo wa njiani. Likisimama, kazi yote ni ya feni, kwa hiyo anzia hapo.

Washa gari uani, liache lingurume huku AC imezimwa, utazame geji. Mshale ukipita katikati na feni bado imelala, umeshampata mwizi. Kinachobaki ni kujua kama ni fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayoipa feni moto), mota ya feni au swichi ya joto. Kwenye Corolla nyingi za miaka ile, ukichomoa plagi ya swichi ya joto huku ufunguo uko kwenye "on", feni inatakiwa izunguke yenyewe. Ikizunguka, mota na rilei ni nzima, badilisha swichi. Isipozunguka, angalia fyuzi na rilei, kisha ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mikono na nguo ziwe mbali, maana feni hizi zinaweza kushtuka hata injini ikiwa imezimwa.

Kama feni iliwahi kubadilishwa, shika karatasi mbele ya gari wakati inazunguka. Karatasi inatakiwa ivutwe kuelekea ndani. Ikisukumwa nje, nyaya zimegeuzwa: feni inashindana na upepo, na hapo gari linaweza kuanza kuchemsha hata kwenye mwendo.

Swali: Shikamoo fundi. Hilux yangu ya dizeli haina shida tambarare, ila nikitoka Mto wa Mbu kupanda kwenda Karatu na mzigo, lazima nisimame. (Msomaji wa Monduli)

Jibu: Marahaba. Wewe ndiye unayetakiwa kuitazama rejeta. Mlimani injini inatoa joto jingi, gari linakwenda polepole, na maji yasipozunguka vizuri mshale unapanda.

Anza na kisicho na gharama: uchafu wa nje. Majani, wadudu na vumbi vinajazana kati ya rejeta na kondensa ya AC (ile kama rejeta nyingine iliyo mbele yake), mahali ambapo kuosha gari kwa kawaida hakufiki. Pitisha maji kutokea upande wa injini kwenda mbele, kwa nguvu ndogo, usije ukalaza mapezi yake. Kisha, baada ya safari, zima injini, subiri joto lipungue kidogo, upapase uso wa rejeta. Sehemu iliyo baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba.

Feni yako inazungushwa na mkanda kupitia klachi ya feni, kifaa kinachoikamata feni injini ikipata moto. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, isukume kwa mkono. Ikigoma kidogo, ni nzima. Ikizunguka kwa ulaini na kuendelea yenyewe, klachi imekufa, na kwa Hilux za mizigo mimi huishuku hiyo mapema sana. Tazama pia mpira wa chini wa rejeta mtu akikanyaga mafuta: ukinywea, maji hayapiti.

Ukikamatwa mlimani, shusha gia, zima AC, fungua hita mpaka mwisho. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili.

Swali: Fundi ameitoa thamostati kabisa, anasema huku kwetu haina kazi. Ni kweli? (Msomaji wa Majengo, Moshi)

Jibu: Si kweli, na ningependa tabia hii ife. Thamostati ni mlango mdogo unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, na nyingi za Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta na kulika haraka. Zaidi ya hapo, kuna injini ambazo thamostati ikifunguka ndiyo inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi.

Kuipima ni kazi ya jikoni: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Isipofunguka maji yakikaribia kuchemka, nunua nyingine.

Swali: Noah yangu inapoteza maji lakini chini hakudondoki kitu. Asubuhi inatoa moshi mweupe. Naambiwa gasketi ya hedi. (Msomaji wa Usa River)

Jibu: Inawezekana gasketi hiyo, inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua, ila mwezi wa saba asubuhi gari lolote Arusha linatoa mvuke mweupe. Ukiisha injini ikipata moto, usihofu. Ukiendelea, pima.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta na uwashe. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayopenya. Oili iliyogeuka chai ya maziwa, au mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha gari baridi, ni dalili mbaya vilevile. Hedi ikishushwa, dai ipimwe kwa rula ya chuma uone kama imepinda. Kufunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kulipa mara mbili.

Lakini Noah za zamani zina jambo lake. Injini iko chini ya viti vya mbele, mipira ya maji ni mirefu, na hewa hunasa humo kila maji yanapojazwa haraka. Toa hewa hiyo kwanza, papasa na kapeti upande wa hita kama limelowa, ndipo uitaje gasketi.

Swali: Natumia maji ya bomba tu. Kuna ubaya? (Msomaji wa Njiro)

Jibu: Upo. Yanaleta kutu na magamba. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko cha rejeta chenye alama 0.9 (kiasi cha mgandamizo) kinayabana mpaka karibu 115. Mpira wake ukichoka, faida hiyo yote imeondoka. Badilisha kifuniko, weka kulanti (maji maalumu ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu).

Swali: Likichemsha, nimwage maji ya baridi? (Msomaji wa Boma Ng'ombe)

Jibu: Hapana, hedi inaweza kupasuka. Zima, fungua boneti, subiri nusu saa au zaidi, usiguse kifuniko. Na mshale ukishuka ghafla wakati gari lilikuwa linachemsha, usifurahi na kuendelea: huenda maji yameisha na sensa haina cha kupima.