Droni, setilaiti na mikoko: maswali yenu ya wiki hii

Tumepanda miche ya mikoko miezi mitano iliyopita, mbona kwenye picha za bure za setilaiti sioni kitu?

Huwezi kuona, wala usishtuke. Wengi mnatumia setilaiti ya Sentinel-2, na pikseli yake moja, yaani kile kidoto kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 kwa 10, sasa kama mlipanda mche kila baada ya mita moja basi ndani ya hiyo pikseli kuna miche kama mia, kila mmoja una vijani vyake vichache, kilichobaki chote ni tope, kwa hiyo picha inakuja na rangi ya tope tu. Miaka ya mwanzo ni kazi ya droni. Ukiirusha chini chini, mita 30 hivi, unaona mche mmoja mmoja na unaweza kuhesabu. Setilaiti iache ije baadaye, matawi yakishaanza kukutana.

NDVI, ile namba ya ukijani kwenye picha ya setilaiti, imepanda sana, tumwandikie mfadhili kwamba miche imeshika?

Ngojeni kwanza jamani. Hiyo namba inalinganisha mwanga mwekundu na ule wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaorudi kutoka chini, basi, haijui mkoko ni nini. Mwani ukitanda juu ya tope namba inapanda na mnashangilia bure. Na kinyume chake pia, kama picha ilipigwa maji yamejaa, miche imefunikwa, namba inashuka wakati hakuna hata mmoja uliokufa! Sentinel-2 inapita asubuhi kwenye saa nne na nusu kila mara, haisubiri maji yapwe, kwa hiyo kabla hujalinganisha picha ya mwaka jana na ya mwaka huu chukua jedwali la kupwa na kujaa uangalie maji yalikuwa wapi siku zote mbili. Binafsi naona hapa ndo ripoti nyingi zinaharibikia, watu wanakimbilia grafu.

Na nyasi za baharini je, droni inaziona?

Inaziona, ila uchague siku. Maji yanameza infraredi karibu yote hapo hapo juu, nyekundu nayo haifiki mbali, inayoshuka vizuri ni bluu na kijani. Rusha wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa kabisa, upepo umetulia, jua bado liko chini maana likipanda utosini mng'ao wake unaziba kila kitu. Halafu usiende mbali kwenye maji matupu, programu ya kuunganisha picha inatafuta alama zinazofanana kwenye picha mbili, na mawimbi hayafanani hata sekunde mbili. Juu ya yote, nyasi na mwani kwa juu vyote ni madoa meusi tu, lazima mtu aingie majini na fremu yake ya mraba, ailaze chini akague kilichomo ndani yake kwenye baadhi ya sehemu.

Kwetu mawingu hayaishi, tufanyeje?

Rada. Setilaiti ya Sentinel-1 inatumia rada, inapenya mawingu na inapiga hata usiku, nayo ni bure. Ramani za Global Mangrove Watch, zinazoonyesha mikoko ya dunia nzima, pia zimejengwa kwa data za rada pamoja na picha za kawaida. Ukitaka kujua msitu ulikuwaje zamani kabla haujakatwa, kumbukumbu za picha za setilaiti za Landsat zinaanza 1972.

Matumbawe tuliyopandikiza yataonekana toka angani?

Kipande kimoja kimoja, hapana. Mwamba mzima ndiyo. Hayo mengine ni kamera ya chini ya maji.

Tukiwa na droni bado tunahitaji kuhesabu kwa miguu?

Ndiyo, angalau viwanja vichache. Toka juu mche uliokauka na kijiti cha kuufungia vinafanana mno, na mche uliosimama lakini shina limejaa chaza wadogo hadi unainama, droni itauhesabu kuwa mzima. Nendeni na buti, mkirudi mlinganishe na hesabu ya picha ya eneo hilo hilo, tofauti mtakayoipata ndo mnaitumia kurekebishia namba za kule ambako hamkufika.