Ukame ukija lazima utauza kitu, bora uchague mapema

Mi nimekuwa mdadisi miaka kama sita, yani wale watu wanaokuja kwako na kishikwambi na dodoso la masaa matatu wanakuuliza una kuku wangapi, bati la nyumba lina umri gani, jana mlikula nini. Wengi wakituona wanajua tumeleta hela za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, tukisema ni utafiti wa uchumi na tabianchi nyuso zinabadilika pale pale. Kuna swali moja mpaka leo silipendi kuliuliza, kwamba katika siku 7 zilizopita ni siku ngapi watu wazima walipunguza kula ili watoto wapate. Mama mmoja, sufuria la makande liko jikoni na mahindi ni ya kuhesabu humo ndani, aliniangalia akacheka akasema baba, we andika tu zote saba tuendelee.

Swali lenyewe linaniuma kwa sababu kwetu lingejibiwa hivyo hivyo mwaka 2009. Mi ni wa Same, upande wa tambarare, huku milima ya Upare inatuzibia mvua, wenzetu wa juu wanavuna tangawizi sisi tunaangalia mawingu yakipita. Mzee alikuwa na ng'ombe 14. Vuli ilikuwa imegoma, dalali akaja nyumbani kabisa akasema mzee nakupa laki na themanini kila mmoja, mzee akamjibu mvua iko njiani we nenda salama. Miezi minne baadaye kila asubuhi kabla ya shule kazi yetu ilikuwa kuinua ng'ombe, mmoja anashika mkia mwingine pembe, mnamsimamisha, akikaa chini tena mnajua huyo basi. Dalali yule yule akarudi na bei ya elfu 25 na safari hii yeye ndo alikuwa hana haraka, na wakati huo huo debe la mahindi limepanda hata kuliulizia unaona aibu. Tulibaki na ng'ombe watatu.

Sasa hapa ndo pa kuelewa vizuri maana watu wengi wanapapita. Ukiumwa wewe peke yako utauza ng'ombe kwa bei ya kawaida kwa sababu jirani yako hauzi. Ukame unampiga kila mtu siku moja, wote mnapeleka mifugo mnadani wiki moja na wote mnatafuta mahindi wiki hiyo hiyo, kwa hiyo unachouza kinashuka na unachonunua kinapanda. Ng'ombe sio benki bana, au ni benki ambayo siku unayotaka kutoa hela ndo siku inapofilisika. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndo mkubwa kuliko yote, uza mapema. Vuli ikikata usisubiri uone masika itakuwaje, toa wawili watatu wakiwa bado wana nyama, nunua magunia uweke ndani. Ndio, kuna mwaka mvua itakuja na watu watakucheka. Kuchekwa ni bei ndogo.

Mtu atasema mimi nina wawili tu, nikiuza nimekwisha. Namuelewa kabisa, na hicho ndicho watafiti walikikuta Zimbabwe kwenye ukame wa 1994/95. Kaya zenye ng'ombe wengi ziliuza, zenye mmoja au wawili zikang'ang'ana nao, na ukiangalia kwa nje utasema hawa wamestahimili, mifugo yao si ipo. Kumbe aliyelipa ni mtoto. Waliokuwa na umri wa miezi 12 hadi 24 walipoteza kama sentimita 1.5 mpaka 2 za urefu, hasa kwenye kaya maskini, na kimo hicho hawakukirudisha chote hata mvua iliporudi. Yani hukuuza ng'ombe, ulikata chakula cha mtoto na hukupata hata risiti. Tangu nisome hiyo kitu nikifika kaya yenye ng'ombe wawili na mtoto wa mwaka mmoja naangalia mtoto kwanza.

La pili ni kuhusu vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Navipenda, mama yangu kasomesha kwa kikoba, lakini cha kijiji kimoja mwaka wa ukame hakifui dafu kwa sababu mwezi huo wote thelathini wanataka kukopa na hakuna wa kurejesha. Cha mama kilivunjika hivyo na watu wakanuniana mpaka msibani. Mtu wa kukuokoa ni yule ambaye mvua yake sio mvua yako. Sisi 2009 tulikula kwa shangazi aliyeolewa huko juu mlimani, kila baada ya wiki mbili kiroba kinashuka na gari la tangawizi. Nilidhani ni bahati tu, baadaye nikakuta kuna utafiti wa India wa 1989 unaonyesha wakulima ambao mapato yao yanayumba sana ndo walikuwa wanaoza mabinti mbali zaidi, na kaya zenye wakwe wa mbali hazikutikisika sana mavuno yakifeli. Simwambii mtu amuoze binti kwa ajili ya mahindi jamani! Siku hizi kuna simu. Huko Kenya, watafiti Suri na Jack walipolinganisha kaya waliona zisizotumia M-Pesa zikipata pigo matumizi yanashuka kama asilimia 7, zinazotumia hazishuki, kwa sababu hela inatoka mbali na kwa watu wengi zaidi. Ila mtandao huo wa watu unalishwa wakati wa neema, huwezi kumkumbuka binamu wa Mbeya siku unaomba tu.

Bima ya mifugo nayo ipo, Marsabit, kaskazini mwa Kenya, walianza 2010, satelaiti inaangalia malisho yamekauka kiasi gani na ikivuka kiwango mnalipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Ni nzuri ila uliza kabla hujalipa, wanapima eneo gani na hela inaingia mwezi gani, maana wanaangalia nyasi za eneo zima, ng'ombe wako anaweza akafa na nyasi zikaonekana zipo.

Vuli ya 2021 ilipogoma nilimpigia mzee kila siku mpaka akauza wawili kati ya saba, mwezi wa kumi na moja. Alinilaumu nimemtia hasara, dalali kamcheka mbele za watu. Januari jirani alikuwa anainua wake kwa mkia. Mzee hakunipigia kusema lolote kuhusu hilo, alipiga kuomba hela ya mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, dumuzi wameingia kwenye mahindi.