Fundi Mitambo Anajibu: Waacheni Watu Waimbe

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, naishi Mwanjelwa hapa Mbeya. Kaka yangu amerudi kutoka chuo na nyimbo za roki nzito, hasa ile wanayoiita pawa metali: gitaa za mbio, dramu za mbio, na mwimbaji anapaza sauti kuhusu majoka na wafalme. Anaisifia sana albamu ya laivu ya Blind Guardian, yenye diski mbili. Nyimbo zake nyingi mimi ninazo za studio, zimenyooka. Hii ya jukwaani watu wanaimba mpaka mwimbaji mwenyewe hasikiki. Kuna faida gani kuisikiliza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako ana masikio mazuri, na leo nipo upande wake.

Hao ni Wajerumani wa mji wa Krefeld, walioanza 1984 wakijiita Lucifer's Heritage. Albamu anayoisifia inaitwa *Live*, ilitoka 2003, na ina vipande 22, kumi na moja kila diski. Ilitokana na ziara waliyofanya baada ya kutoa *A Night at the Opera* mwaka 2002. Haikurekodiwa usiku mmoja. Walirekodi mji kwa mji, kisha wakakaa chini kuchagua.

Sasa angalia kazi yao ya studio ilivyo. Hansi Kürsch anaimba, kisha anaimba tena juu ya sauti yake, waitikiaji nao wanapangwa tabaka juu ya tabaka, mpaka kiitikio kimoja kinajaa kama kwaya nzima. Jukwaani tabaka hizo hazipo. Kuna mwimbaji mkuu mmoja, gitaa la solo la André Olbrich, gitaa la ridhimu la Marcus Siepen, besi, kinanda na dramu. Ile kwaya itatoka wapi? Inatoka chini ya jukwaa, kwa watu waliolipa kiingilio. Hiyo unayoiita kelele ndiyo sehemu ya wimbo ambayo bendi haikuweza kupanda nayo jukwaani.

Weka diski ya pili, wimbo wa nne, *The Bard's Song*. Kwenye albamu ya studio ya 1992, *Somewhere Far Beyond*, ni wimbo mtulivu wa kama dakika tatu, gitaa lisilo la umeme na sauti. Katika *Live*, Kürsch anawaachia watu. Wanaupokea na kuubeba karibu wote, nao hawauangushi. Tumia spika za masikioni, usitumie spika ya simu, halafu fuatilia mwisho wa kila mstari: neno halikatiki kwa pamoja, linajivuta. Si uzembe huo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo mtu aliye mita 34 kutoka kwenye spika analisikia gitaa likiwa limechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, naye anaimba kwa alichokisikia. Wa mbele wanatangulia, wa nyuma wanafuata, na ndiyo maana umati unasikika mpana. Hakuna mashine ya studio inayonitosheleza kwa kazi hiyo.

Bila shaka umeshasikia pambio kanisani, mwimbishaji anapokaa kimya na watu wanaendelea wenyewe, akina mama wakipanda juu na wazee wakishika chini. Raha ni ileile. Krefeld na Mwanjelwa hazijuani, lakini koo ni koo.

Jambo moja sikubaliani nalo. Kwa kuwa nyimbo zimetoka miji tofauti, husikii usiku mmoja ukipanda na kushuka: mwimbaji akiwa bado hajapata moto, mikono ya mpiga dramu Thomen Stauch ikianza kuchoka. Ukitaka kitu cha mahali pamoja tafuta *Tokyo Tales* yao ya 1993, iliyorekodiwa Tokyo mwaka uliotangulia, walipokuwa vijana na wenye haraka zaidi. Ila kwa kuwasikia mashabiki, *Live* inaishinda kwa mbali.

Na kabla hujaniuliza kwa nini diski mbili: diski moja ya sidii hubeba dakika 74 hadi 80 tu, na albamu hii inapita saa mbili. Isikilize kwa mpangilio wake, siku mbili ukitaka. Usiichanganye na nyimbo nyingine.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Makambako, nauza vipuri vya pikipiki. Hizi bendi za tangu miaka ya themanini si zimezeeka? Noti zile za juu watu wazima wanazifikiaje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Wanagawana mzigo. Helloween wa Hamburg, ambao nao walianza 1984, waliwarudisha waimbaji wao wa zamani, Kai Hansen na Michael Kiske, kwa ziara ya 2017 bila kumwondoa Andi Deris, mwimbaji wao tangu 1994. Watu watatu wa kuimba jukwaa moja. Huyu akipumzika yule anapokea. Sikiliza *United Alive in Madrid* ya 2019, sehemu kubwa imerekodiwa Madrid. Sauti ya Kiske imeongezeka uzito, na mimi naipenda zaidi sasa kuliko alipokuwa kijana.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Iringa. Tunatimiza miaka 25 na tunataka kurekodi albamu ya laivu ukumbini, ikiwezekana sehemu mbili. Fundi mmoja ametushauri achukue sauti za waimbaji na vyombo tu kutoka kwenye miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti, waumini waombwe wasiimbe, halafu makofi na vigelegele ataviweka baadaye kwenye kompyuta. Unaonaje?

JIBU: Amina mwalimu. Msikubali. Vigelegele vya kuokoteza vinajulikana mara moja: vinaanza vyote pamoja, vinakoma vyote pamoja, na havijui wimbo umefika wapi. Watu wenu wamekuwa na kwaya hiyo miaka yote. Kuwanyamazisha siku ya kumbukumbu ni kuwadhulumu, na rekodi itakuwa kavu.

Fanyeni hivi. Mwambieni fundi kila maikrofoni iingie kwenye njia yake kwenye mashine ya kurekodi, isiwe kila kitu kimechanganywa kushoto na kulia tu. Kisha aongeze maikrofoni mbili za kondensa, zile nyepesi kunasa sauti, kwa ajili ya waumini peke yao. Hizo zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa, ahakikishe kitufe chake kimewashwa. Azisimamishe kwenye pembe mbili za mbele, zikiwatazama watu na kuzipa mgongo spika. Wakati wa kuchanganya, sauti za maikrofoni hizo aziwahishe kidogo ili zilingane na kwaya, kwa ajili ya kuchelewa kule nilikomweleza kijana wa Mwanjelwa. Azishushe kwenye beti, azipandishe kwenye viitikio. Na wewe mwalimu, kwenye wimbo ambao watu wanaujua sana, ishushe kwaya kiitikio kimoja kizima na uwaachie waumini. Mkifanya jambo hilo tu mengine yote yakawashinda, bado mtakuwa na albamu.

Rekodini usiku wa pili pia kama fedha inaruhusu. Nyimbo zile zile, halafu mchague.

Tarehe iwe kati ya Juni na Septemba. Mvua ya masika juu ya bati hakuna fundi wa kuiondoa. Baridi ya Julai nayo ina lake: nyuzi za gitaa zilizopoa hukaza na kupanda, zikishapata joto la vidole na taa hulegea na kushuka. Vyombo viingie ukumbini saa moja kabla, vipigwe, ndipo vitiuniwe. Jenereta ikae nyuma ya jengo, mbali kadiri waya unavyofika, na vyombo na miksa vichukue umeme mahali pamoja, la sivyo mtasikia mngurumo mzito chini ya kila wimbo wa taratibu.

Hizo maikrofoni za waumini mzijaribu kwenye ibada ya katikati ya wiki, watu wakiwemo. Ukumbi mtupu hurudisha mwangwi mkali, lakini watu wakishajaa na makoti yao ya Julai wanaumeza, na vipimo mlivyoweka mchana peke yenu havitawafaa tena.