MASWALI YA WASOMAJI: Mwalimu akiwa mpelelezi wa riwaya

Barua tulizochagua safari hii zimetoka Mtwara na Lindi. Karibu zote zinahusu riwaya ya upelelezi ya kihistoria ambayo mfumbuzi wa kesi si polisi, bali mwanasiasa aliyeishi kweli. Zenye kazi nyingi tumezijibu kwa urefu.

Nimeanza riwaya ya mauaji bandarini Mtwara na nataka Mwalimu Nyerere ndiye afumbue kesi. Wenzangu wananikatisha tamaa. Wanasema rais mwenye msafara na walinzi hawezi kumhoji kuli wa bandari akaambiwa ukweli. Niachane na wazo hili?
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

Usiachane nalo, ila mtoe Mwalimu Ikulu kwanza. Hapo wenzako wamesema kweli. Rais akitaka kujua jambo anaagiza, faili linaletwa mezani, na hadithi imekwisha. Mpelelezi wa ridhaa sharti akose amri. Abembeleze, asubiri barazani, adanganywe, arudi tena kesho. Wenzetu wa nje walioandika riwaya za namna hii wamelizingatia hilo. Mama Eleanor Roosevelt wa Marekani, aliyegeuzwa mpelelezi katika mfululizo mzima wa riwaya, alikuwa mke wa rais tu, hana cheo cha kumwamuru askari. Riwaya ya Kijerumani ya mwaka 2021 inayomtumia Angela Merkel imemweka kijijini, amekwisha kustaafu.

Historia yetu imekuachia mwanya mzuri kuliko hiyo yote. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu akajiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa. Yeye akabaki na urais wa TANU, akautumia mwaka ule kuzunguka nchini kukijenga chama, mpaka uchaguzi wa urais wa Novemba na kuapishwa tarehe 9 Desemba 1962. Kwa miezi kumi na ushee, mtu anayejulikana kuliko wote Tanganyika hakuwa na wizara, hakuwa na polisi, wala hakuwa na saini ya kumfungulia mtu mlango. Kila mtu atamkaribisha kiti, na hakuna anayelazimika kumjibu. Riwaya yako ikae humo.

Halafu mpe ujuzi aliokuwa nao kweli. Alifundisha Baiolojia na Kiingereza Tabora, na kwa muda mfupi alikuwa mkaguzi wa bei wa serikali, kazi ya kuingia dukani na kukagua wenye duka wanatoza kiasi gani. Aliiacha baada ya taarifa zake za udanganyifu kupuuzwa. Mwandishi wa upelelezi hapati zawadi kubwa kuliko hiyo! Kwa hiyo jinai yako iwe ya mizani na daftari, si ya bastola na kufukuzana. Mfano: karani wa ghala la korosho anauawa kwa sababu amegundua magunia yanapokelewa mabichi kwa uzito wa makavu. Korosho ghafi huanikwa juani siku mbili tatu kabla ya kufungwa. Isiyokauka ina uzito zaidi, na ikikaa ghalani inaota ukungu. Mwalimu achukue korosho moja kwenye gunia lililoandikwa "kavu", aitikise karibu na sikio. Kavu hulia, kiini kinagonga ganda. Hii iko kimya. Achukue ya pili, ya tatu, kutoka gunia jingine, nazo kimya. Hajasema neno, lakini msomaji ameshika uzi. Tukio kama hilo lina thamani kuliko kurasa 10 za mahojiano.

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, nunua daftari kubwa, kila wiki ya 1962 uipe ukurasa wake, na kila ukurasa uwe na safu tatu. Ya kwanza: Mwalimu alikuwa wapi siku hiyo kwa mujibu wa magazeti. Ya pili: mwezi, maji ya bahari, mvua, sikukuu. Ya tatu: mambo unayoyatunga wewe. Mauaji na upelelezi viingie kwenye siku ambazo safu ya kwanza iko tupu, basi. Gazeti likimweka Mwanza Jumamosi, huwezi kumshusha Mtwara Jumapili asubuhi kwa gari. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Wakati ule watu walivuka kwa pantoni Ndundu, na masika yakikolea barabara ya kusini ilikatika. Zinabaki ndege na meli, na vyote viwili vina orodha ya abiria. Mpelelezi anaweza kuiomba, na muuaji anaweza kuichana.

Maiti inaonekana ufukweni Mikindani asubuhi ya Jumatano, 21 Februari 1962. Usiku wake, kwenye saa tano, muuaji alileta mwili kwa mtumbwi hadi ukingoni mwa mji bila kuonekana. Mashahidi wangu walikuwa mgahawani mchana wa Jumanne wakila na kupiga soga na marehemu. Mshukiwa ana vidole vilivyobabuka kwa kuvuna korosho, na kuna unga wa salfa kwenye kanzu yake. Naomba mnikague.
*Msomaji, Mikindani*

Tumekukagua, na kuna makosa manne. Yote yanatibika, na mawili ukiyarekebisha yatakuongezea hadithi.

Tuanze na maji. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 19 Februari, kwa hiyo usiku wako umo katikati ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka sana. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa takriban saa kumi, alfajiri na alasiri, na hutoka kabisa kwenye saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Saa tano usiku ghuba ya Mikindani imekauka pembezoni, na muuaji wako angeburuta mtumbwi kwenye tope hatua nyingi sana, chini ya mbalamwezi inayoonyesha hata kaa. Sogeza tukio mbele kwa wiki moja, usiku wa Jumanne tarehe 27. Hapo ni maji mafu, na kujaa kwake kunaangukia kwenye saa nne au saa tano usiku. Maji mafu hayajai sana, lakini mtumbwi hauhitaji kina kirefu. Mwezi nao umebaki nusu na haupandi mpaka kwenye usiku wa manane. Umepata maji na giza kwa pamoja.

Kosa la pili ni mgahawa. Ramadhani ya mwaka huo ilianza wiki ya kwanza ya Februari, na Idd ikawa kwenye tarehe 8 Machi. Mikindani mchana wa Ramadhani hutawakuta watu wanakula hadharani. Hamishia mazungumzo baada ya futari. Na angalia ulichokipata: tarehe 27 kumi la mwisho limeshaanza, watu wanakesha misikitini, akina mama wanaamka kupika daku. Mji uliodhani umelala uko macho. Mashahidi wapo tele, na kila mmoja ameona kipande kidogo tu. Kuna na jambo la upande wa Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa Mkatoliki. Jumatano ya Majivu mwaka 1962 ilikuwa tarehe 7 Machi. Wenyeji wake wanamaliza mfungo siku ambayo yeye anaanza wake. Ukiliandika kwa utulivu, sahani ya pilau anayowekewa mbele yake, pamoja na namna anavyoshukuru, itamwonyesha mtu huyo vizuri kuliko hotuba.

Kosa la tatu: mavuno ya korosho hushika Oktoba hadi Desemba, yakichelewa sana Januari. Februari hakuna anayevuna, ila magunia yapo ghalani yakisubiri meli ya kwenda India. Mafuta ya ganda yanababua ngozi hata korosho ikiwa kavu, kwa hiyo mshukiwa wako awe amebangua korosho ghafi bila kuzichoma. Kumbuka kwamba malengelenge hayatoki papo hapo. Huchukua saa kadhaa, pengine siku moja au mbili, na vidole hubaki vyeusi muda mrefu baadaye. Hiyo ni saa ya kuhesabia: aliyebangua Jumatatu anaweza kuwa na mikono safi Jumatatu jioni na mibovu Jumatano. Mwalimu wa Baiolojia ataligundua.

La nne, salfa ifute. Wakulima wa korosho walianza kuipulizia dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1980.

Nani asimulie? Nimejaribu kuandika kutoka ndani ya mawazo ya Mwalimu na kila ukurasa unanitoka kama hotuba ya mkutano wa hadhara.
*Msomaji, Nachingwea*

Toka kichwani mwake leo hii. Mtu halisi aonekane kwa nje: anachouliza, anachokitazama, lini ananyamaza. Msimulizi awe mtu wa kubuni wa hapo hapo kwenu, mwenye sababu ya kuandamana naye na mwenye kujua asiyoyajua mgeni. Karani kijana wa ofisi ya TANU anafaa, au mkalimani wa Kimakonde, au muuguzi. Faida yake ni mbili. Kwanza, fumbo linabaki fumbo, kwa kuwa msomaji haoni hesabu anazopiga mpelelezi. Pili, hutalazimika kubuni imani, hofu na sala za mtu ambaye wengi wanamheshimu kama mzazi.

Kwenye mazungumzo mpe sentensi fupi, nyingi ziwe maswali. Kauli ndefu za kisiasa usimtungie kabisa. Siku hizi mtu hupiga picha ukurasa wako akaurusha kwenye simu, na kesho maneno uliyoyabuni yanatembea kama nukuu ya Mwalimu. Ukihitaji fikra zake za mwaka ule, rejea kijitabu chake cha Ujamaa cha Aprili 1962, na maneno unayoyachukua humo yaonyeshwe kuwa ni yake. Jambo dogo zuri la kutumia: tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaisari ilichapishwa mwaka 1963. Daftari lenye mistari iliyokatwakatwa juu ya meza ya chumba cha wageni halitashangaza mtu.

Kwa vipimo, riwaya ya maneno 60,000 inatosha. Mauaji yajulikane kabla ya ukurasa wa 20. Washukiwa watano au sita, wasizidi, na kila dalili ya kumnasa muuaji msomaji awe ameiona kwa macho kabla ya kufumbuliwa. Mwalimu mwenyewe aonekane kwenye theluthi moja hivi ya matukio. Akizidi hapo anakuwa wa kawaida, akipungua sana watu watauliza jina lake liliwekwa jaladani kwa nini.

Kwa kuwa unaandika kutoka Nachingwea, chanzo cha jinai unacho mlangoni. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 na kufutwa 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Bandari ya Mtwara na reli ya kutoka huko hadi kwenu vilijengwa kwa ajili yake, na reli ikafungwa mapema miaka ya 1960. Wizi wa vipuri vya matrekta mwaka 1950, deni lisilolipwa, na mtu aliyezikwa kando ya tuta la reli anayefukuliwa wakati mataruma yanang'olewa: hapo una sababu ya kuua iliyolala zaidi ya miaka 10. Tungekuwa sisi tungeanzia hapo.

Je, Mzee Mkapa anafaa? Ni mtu wa kwetu.
*Msomaji, Masasi*

Anafaa, hasa akiwa mhariri wa magazeti, kazi aliyoishika kuanzia 1966, kabla ya kuwa waziri. Mhariri ana sababu ya kuuliza maswali na hana pingu. Ila alifariki Julai 2020. Familia na wenzake wapo. Waone kwanza, waeleze wazo lako, kisha ndipo uandike.

Nianzie wapi kutafuta mambo ya wakati ule, na nitajuaje kwamba nimekosea? Pia nilitaka muuaji awe afisa mmoja wa kikoloni aliyekuwapo kweli Lindi.
*Msomaji, Lindi mjini*

Anza na magazeti: Tanganyika Standard, Mwafrika, Ngurumo, na Uhuru la TANU lililoanza Desemba 1961. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya Afrika Mashariki, na Nyaraka za Taifa, Upanga, zina vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maafisa wa Kiingereza. Omba vya Lindi na Mikindani. Nenda ukiwa na orodha ya maswali yasiyozidi 10, la sivyo utasoma wiki nzima na kurudi na mambo matamu yasiyo na nafasi kwenye riwaya. Kisha kaa na wazee. Usiwaulize "mambo yalikuwaje". Uliza taa ilikuwa ya aina gani, posta ilifungwa saa ngapi, nani alikuwa na redio mtaani.

Makosa tunayoyaona mara kwa mara kwenye miswada: mhusika wa 1962 anasema "Mkoa wa Lindi", ambao umezaliwa 1971. Mwaka 1962 kulikuwa na Jimbo la Kusini. Nchi inaitwa Tanzania miaka miwili kabla ya Muungano. Noti ya Benki Kuu inatolewa mfukoni wakati benki hiyo ilifunguliwa 1966. Fedha ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki, na senti 10 ilikuwa na tundu katikati. Korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza 2007. Msomaji wa Lindi ataligundua kosa kama hilo haraka kuliko mhariri wa Dar es Salaam.

Kuhusu muuaji, hapana. Aliyeishi kweli asibebeshwe damu ambayo hakuimwaga, hata kama alikuwa mkoloni mbaya na hata kama hana mtoto wa kulalamika. Marehemu, muuaji na washukiwa wote wawe wa kubuni. Watu halisi wabaki kwenye kazi na mahali walipokuwa. Mwisho wa kitabu weka ukurasa mmoja unaosema wazi kipi kilitokea na kipi umetunga, ukianza na hili: kwamba Mwalimu hakuwahi kuchunguza mauaji haya, kwa sababu hayakutokea.