Mnaouliza Uskochi kukoje, someni hapa

Binamu yangu kauliza kwenye grupu la familia, "kaka sema ukweli, huko maisha yakoje, mbona picha kali ila hela hatuzioni?" Mama mdogo naye kaweka vicheko vitatu. Haya, leo nasema.

Mimi naosha wazee. Kibarua changu ni nyumba ya wazee hapa Glasgow, nawavisha, nawalisha, usiku nawageuza, na shifti za Desemba naingia giza natoka giza maana jua linachomoza karibu saa 3 asubuhi na saa 10 jioni haijafika limeshazama. Umeme na gesi nalipia kwa mita kama luku, ikikata usiku unalala na koti. Na hilo koti jeusi mnalolisifia kwenye picha ni la mtumba, ndio, hata huku watu wanavaa mtumba.

Halafu mnadhani mzungu hajui shida. Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na mzee mmoja, zamani fundi wa kuchomelea meli hapo mto Clyde, kila jioni lazima nimwekee kwenye TV Billy Connolly, mchekeshaji maarufu wa hapa Glasgow. Kiingereza changu cha shule kikagoma kabisa, nasikia "aye" na "wee" na "wean" (kumbe ni mtoto), basi nacheka tu kwa sababu mzee anacheka mpaka meno ya bandia yanataka kudondoka.

Mzee ndio akaanza kunisimulia. Billy kazaliwa 1942 mtaa wa Anderston hapahapa, kwenye sakafu ya jikoni, baba yuko vitani, mama akaja kuwaacha Billy ana miaka kama 4, yeye na dada yake Florence wakalelewa na mashangazi huko Partick na kipigo kilikuwa cha kutosha. Baba aliporudi ndio yakawa mabaya zaidi, mambo ambayo Billy alikuja kuyatoa hadharani ukubwani, mkewe Pamela Stephenson akayaandika kwenye kitabu 2001. Sasa mtoto wa hivyo anatoka vipi mchekeshaji? Mzee anasema ni meli. Billy naye alikuwa fundi wa kuchomelea, na kule mafundi walikuwa wanataniana kutwa nzima, ukinuna umekwisha, yaani kama vijiwe vyetu vya bodaboda.

Baadaye akashika banjo, akapiga na Gerry Rafferty kwenye bendi ya Humblebums, ila kati ya wimbo na wimbo anaongea weee mpaka maongezi yakawa ndio shoo yenyewe. 1975 akaingia kwenye kipindi cha TV cha Michael Parkinson akatoa kile kichekesho cha jamaa aliyemuua mkewe akamzika tako likiwa nje, apate pa kuegeshea baiskeli. Kwetu ni mtani tu angethubutu kusema hivyo msibani! Uingereza nzima ikamjua. Wenyeji wanamuita Big Yin, yaani Yule Mkubwa, na 2017 alipofikisha miaka 75 wakamchora mara 3 kwenye kuta za mji, mwaka huohuo akapewa na u-Sir, ile heshima ya kifalme.

2013 ilitangazwa ana saratani ya tezi dume na Parkinson pia, ule ugonjwa wa kutetemeka, ndio, jina lilelile la mtangazaji, hata mwenyewe kalifanyia utani. Aliendelea kupanda jukwaani miaka kadhaa na ugonjwa wake. Mzee wangu naye alikuwa nao, chai namshikia mimi, na siku moja Billy anautania huo ugonjwa kwenye TV, mzee akaninyooshea mkono wake unavyotetemeka akasema "ona, mwenzangu," akacheka, mimi nikashindwa.

Mzee wangu alifariki Februari. Chumba chake sasa kuna bibi anayetaka vipindi vya dansi tu.

Binamu, ada ya mtoto natuma tarehe 28. Nusu. Hiyo nusu nyingine mama mdogo mwenye vicheko atajua pa kuitoa.