Wasomaji Wanauliza: Je, Kuimba Harusini ni Kupoteza Muda?

SWALI

Mama, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 21, mkazi wa Ujiji mkoani Kigoma. Natunga nyimbo zangu mwenyewe kwa Kiswahili na kwa Kiha, na ninapiga gitaa aliloniachia marehemu baba. Tangu nilipomaliza kidato cha nne nimekuwa nikiimba katika harusi, sherehe za kuwaaga mabinti na mahafali ya shule, hapa Ujiji, Mwanga na Gungu, na mara mbili nimefika Kasulu. Mwezi uliopita tulikuwa ukumbini Mwanga, umeme ukakatika katikati ya sherehe. Msanii aliyekuwa jukwaani alikuwa akiimba juu ya muziki wa kwenye flashi, ikambidi ashuke. MC akanisihi nipande hivyo hivyo bila kipaza sauti, nikaimba nyimbo nne gizani, watu wamewasha tochi za simu, mpaka kijana aliyetumwa kununua petroli ya jenereta aliporudi. Siku hiyo nilitunzwa kuliko siku nyingine yoyote.

Mjomba wangu, ambaye ndiye mlezi wangu, anasema kuimba harusini ni kupoteza muda. Anataka nipande treni niende Dar es Salaam, kwa hoja kwamba hata Diamond Platnumz, ambaye mama yake ana asili ya huku kwetu Kigoma, jina alilipatia Tandale. Wakati huohuo, mwenye studio mmoja ameahidi kunirekodia nyimbo tatu bure, kwa sharti kwamba nyimbo hizo ziwe mali yake. Baba alimpenda sana Tracy Chapman, na aliwahi kuniambia kwamba mwanamke huyo alianza kwa kuimba barabarani. Je, ni kweli? Alifikaje alikofika? Na mimi nifanyeje?

Binti wa Ujiji

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na baba. Alichokuambia ni kweli kabisa, na umenifurahisha kunipa nafasi ya kumzungumzia mwimbaji niliyempenda tangu mwaka 1989, nilipomsikia kwa mara ya kwanza kwenye kaseti ya jirani yetu pale Tabora, siku ambazo Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga lakini sauti ile ilinitosha.

Tracy Chapman alizaliwa Machi 30, 1964 mjini Cleveland, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Wazazi wake walitengana akiwa na miaka minne, akalelewa na mama ambaye kipato chake kilikuwa kidogo, ila ndiye aliyemnunulia ukulele, yaani kigitaa cha nyuzi nne, mtoto akiwa na miaka mitatu tu. Alipofika miaka minane alikuwa ameshaanza kupiga gitaa na kutunga. Baadaye alipata ufadhili wa kusoma shule ya bweni katika jimbo la Connecticut, na huko likatokea jambo ambalo wewe utaliona la nyumbani kabisa: kasisi wa shule alipitisha mchango kwa wanafunzi na walimu, wakamnunulia binti huyo gitaa jipya.

Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston, akasomea anthropolojia. Ni katika miaka hiyo ya chuo ndipo alipoimba barabarani, hasa eneo la Harvard Square katika mji wa Cambridge, na pia katika vituo vya treni za mjini na migahawa midogo ya kahawa ambako wanafunzi huenda jioni. Naomba usipite haraka hapa, kwa sababu mjomba wako anaiona sehemu hii kama ngazi ya chini ya kurukwa, na mimi naiona kuwa ndiyo iliyofanya kazi yote. Mtu anayeimba kando ya njia hana kiti cha kumkaribishia msikilizaji. Wapita njia wanakimbilia treni, wengine wana mizigo, wengine wamekasirika, na hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani kwa ajili ya mwimbaji. Wimbo ukichelewa kushika, miguu inapita. Anayekaa katika hali hiyo mwezi baada ya mwezi hujua, bila kuambiwa na mwalimu, ni mstari gani humsimamisha mtu na ni ubeti gani humfanya ageuze uso, kisha hurudi nyumbani akaufuta ule uliolegea.

Wewe hali hiyo unaijua. Wageni wa harusi ya Mwanga wamekuja kwa ajili ya maharusi na pilau, si kwa ajili yako. Ukiwanyamazisha watu wa namna hiyo mpaka kijiko kikabaki hewani, umepata kitu ambacho studio haiwezi kukupa.

Mlango wake ulifunguka kwa njia ambayo hakuipanga. Katikati ya miaka ya 1980, wanafunzi wa vyuo vingi vya Marekani walikuwa wakiandamana kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Mwanafunzi mwenzake pale Tufts, Brian Koppelman, alikuwa akitafuta mwimbaji wa mkutano wa aina hiyo, akaelekezwa kwa Tracy, akaenda kumsikiliza mgahawani na kuduwaa. Baba yake Koppelman alikuwa mtu mkubwa katika biashara ya muziki, lakini kijana huyo alipojitolea kumsaidia, Tracy hakuonyesha hamu. Ikabidi Koppelman achukue kanda moja kutoka redio ya chuo na kumpelekea baba yake. Sasa zingatia kanda ile ilikuwa imerekodiwa kwa sababu gani: Tracy alikwenda kurekodi katika redio ile ili awe na ushahidi wa hakimiliki ya nyimbo zake, naye badala ya malipo akairuhusu redio izicheze. Kabla hajajulikana na yeyote, alikuwa ameshajua kwamba wimbo ni mali. Nitarudi kwenye jambo hili nitakapofika kwa mwenye studio wako.

Baada ya kuhitimu alisaini mkataba na kampuni ya Elektra, na albamu yake ya kwanza, iliyobeba jina lake mwenyewe, ikatoka Aprili 1988. Ulikuwa wakati wa kinanda cha umeme na ngoma za mashine, na mwanamke mweusi mwenye gitaa la mbao anayeimba juu ya umaskini hakuwa bidhaa iliyokuwa ikitafutwa.

Kisha ikaja Juni 11, 1988, siku ambayo kila ninapousoma mkasa wa umeme katika barua yako naikumbuka. Katika uwanja wa Wembley, London, lilifanyika tamasha kubwa la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, ambaye wakati huo alikuwa bado gerezani. Uwanja ulikuwa umejaa, na matangazo yalikuwa yakirushwa kwenye televisheni za nchi nyingi. Tracy, mwenye miaka 24, alikuwa amekwisha kuimba mchana sehemu aliyopangiwa na kumaliza. Jioni ilikuwa zamu ya Stevie Wonder, lakini alipokaribia kupanda jukwaani ikagundulika kwamba diski iliyohifadhi muziki wa kinanda chake cha kompyuta haipo. Bila diski ile asingeweza kupiga alichokiandaa, akaondoka kwa uchungu, ingawa baadaye alirudi akaimba kwa vyombo vya kuazima. Waandaaji walikuwa na jukwaa tupu na dunia nzima inatazama. Wakamwita yule binti ambaye hakuhitaji chochote isipokuwa kipaza sauti. Akatoka peke yake, gitaa kifuani, akasimama mbele ya umati ule mkubwa na kuimba "Fast Car", wimbo unaosimulia habari za msichana maskini mwenye baba mlevi, anayetamani kuondoka mjini kwao.

Mashine ilishindwa Wembley, umeme ulikatika Mwanga, na mara zote mbili akaitwa mtu ambaye wimbo wake unasimama wenyewe. Sisemi kwamba utafika Wembley, kwa sababu sijui, wala hakuna anayejua. Ninachokisema ni kwamba ule utulivu aliokuwa nao usiku ule haukuzaliwa jukwaani. Aliuleta kutoka kando ya njia, alikoimba bila pazia wala taa.

Mengine nitayasema kwa kifupi. Wimbo huo ulipanda hadi nafasi ya 6 katika chati kuu ya Marekani na ya 5 nchini Uingereza, albamu ikashika nafasi ya kwanza katika nchi zote mbili, na Februari 1989 akatwaa tuzo tatu za Grammy. Kabla ya hapo, Septemba na Oktoba 1988, alizunguka mabara kadhaa katika ziara ya kutetea haki za binadamu ya shirika la Amnesty International pamoja na Bruce Springsteen, Sting, Peter Gabriel na Youssou N'Dour wa Senegali, na ziara hiyo ilifika Harare na Abidjan.

Hata hivyo, mjomba wako nisimdharau, maana hoja yake ina uzito. Cambridge si Ujiji. Pale palikuwa na vyuo vikuu, redio na kijana ambaye baba yake alikuwa na funguo. Kipaji cha namna ileile kinaweza kukaa Kigoma kikasikika kwa wavuvi wa Kibirizi peke yao. Kwa hiyo siku ya kupanda treni itafika, na safari ile ya zaidi ya kilomita 1,200 uifanye kwa moyo mweupe. Ninachokuomba ni usiende mikono mitupu. Kaa mwaka mmoja zaidi, uwe na nyimbo kumi na mbili ulizozipima mbele ya watu, na katika hizo usiziache za Kiha, kwa sababu Dar es Salaam ina waimbaji wengi wa kuiga Dar es Salaam na wachache wa kuleta Ujiji. Jirekodi kwa simu kila unapoimba, na ukifika nyumbani sikiliza ni wapi watu walianza kuongea. Hapo pana kazi.

Kuhusu mwenye studio, jibu langu ni usikubali. Wimbo na rekodi ni vitu viwili. Wimbo ni mashairi na tuni yake, na kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 ni wako tangu unapoutunga, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Rekodi ni lile umbo lililotoka studio, na aliyegharimia kuitengeneza ana haki ya kudai sehemu yake. Mwambie kwa heshima kwamba uko tayari kugawana naye mapato ya rekodi hizo tatu mpaka gharama yake irudi, na iandikwe, lakini utunzi unabaki kwako. Akikataa, umejua alichokuwa akikitafuta. Nyimbo zako zisajili COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki, na afisa utamaduni wa manispaa atakuelekeza namna ya kujisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa.

SWALI

Mama, naomba utuamulie. Nimeusikia wimbo wa "Fast Car" ukiimbwa na mwanamume, na mjukuu wangu anashikilia kwamba ni wimbo wa huyo mwanamume. Mimi nasema ni wa Tracy Chapman. Nani yuko sahihi, na je, mwenyewe anapata chochote?

Mwalimu mstaafu, Tabora

JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Uliyemsikia ni Luke Combs, mwimbaji wa muziki wa kantri kutoka North Carolina, aliyezaliwa mwaka 1990, wakati wimbo huo una miaka miwili sokoni. Aliujua utotoni kwa sababu baba yake alikuwa akiupiga garini, na mwaka 2023 akaurekodi upya, ukafika nafasi ya 2 katika chati ileile kuu ya Marekani, juu zaidi ya alipoufikisha Tracy mwenyewe. Hakubadilisha maneno, hata pale msimulizi anapojitaja kuwa msichana anayepokea pesa dukani, Combs aliimba vilevile.

Sauti inayosikika katika rekodi hiyo ni ya Combs, lakini utunzi ni wa Tracy Chapman peke yake, kwa hiyo kila unapopigwa na kuuzwa, malipo ya mtunzi humwendea yeye. Novemba 2023 chama cha muziki wa kantri cha Marekani kilimpa tuzo ya wimbo bora wa mwaka, akawa mtunzi wa kwanza mweusi kuipata, miaka 35 baada ya kuuimba Wembley. Naye huilinda mali yake: mwaka 2018 alimshtaki mwanamuziki wa rap Nicki Minaj kwa kutumia wimbo wake mwingine ambao alikuwa amekataa kumpa ruhusa, na shauri likamalizika kwa Minaj kumlipa dola 450,000. Hiyo ni busara ileile ya kanda ya redio ya chuo niliyomweleza binti wa Ujiji.

Februari 4, 2024, katika hafla ya Grammy, wawili hao waliuimba pamoja. Tracy, ambaye kwa miaka mingi alikuwa haonekani sana hadharani, alianza na zile nyuzi za mwanzo, kamera ikiwa imemlenga mikononi, na ukumbi ukapiga makofi kabla hajatoa neno.

Ubishi umeushinda wewe, Mwalimu. Lakini mwache mjukuu aendelee kumsikiliza Combs wake, na jioni moja, kama redio kaseti bado inafanya kazi, mwite akae karibu umpigie ule wa kwanza.