Silinda hedi ya 300Tdi imepasuka: kuchomelea, kuskimu au kubadilisha?

Swali: Fundi, nina Land Rover Defender ya mwaka 1996, injini 300Tdi. Ilichemsha nikipanda mlima, na tangu siku hiyo inapunguza maji ingawa hayavuji popote pa kuonekana. Nikiwasha asubuhi, mipira ya rejeta inakuwa migumu baada ya dakika chache tu. Tumefungua silinda hedi, kile kichwa kinachofunika silinda, tukakuta ufa kati ya valvu mbili za silinda ya tatu. Fundi wangu anasema tuchomelee, tuskimu (tuikwangue uso wa chini unyooke), tufunge gasketi nene, na tutoe thamostati (valvu inayofungulia maji kwenda rejeta yakipata joto) ili gari lisichemke tena. Nikubali, au ninunue hedi nyingine? Na nikinunua, kwenye kufunga niangalie nini?

Jibu: Usikubali hata moja kati ya hayo manne. Nunua hedi nyingine, lakini kabla hujatoa pesa tafuta kilichoiua hii uliyonayo. Hapo ndipo watu wengi wanaporuka. Mtu anabadilisha silinda hedi, gari linatembea vizuri kwa muda, kisha ufa unatokea tena palepale na hedi inaitwa feki. Mara nyingi hedi haikuwa na kosa lolote, ila ilifungwa kwenye gari lenye ugonjwa uleule.

Hedi ya injini hii ni ya alumini na bloku ni ya chuma. Kwa joto lilelile, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kile kipande chembamba kati ya valvu ya kuingiza na valvu ya ekzosi kinapata moto wa ekzosi upande mmoja na hewa ya kuingia upande wa pili, na kinachokiokoa ni maji yanayopita nyuma yake tu. Maji yakipungua, au yakianza kuchemka na kuacha mapovu ya mvuke hapo, kipande hicho kinataka kutanuka lakini kimebanwa na hedi nzima. Kinajikunja kwa ndani. Kikipoa kinavutwa, na ndipo kinapopasuka. Ndiyo maana ufa huonekana siku kadhaa baada ya gari kuchemsha, wala si lazima siku ileile. Kumwaga maji baridi kwenye injini inayochemka hufanya kazi hiyo kwa dakika moja.

Usiuamini sana mshale wa joto. Sensa yake inasoma joto la maji inayoyagusa. Maji yakiisha inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kutulia katikati, hata kushuka, huku hedi inaungua. Ukiona mshale unapanda halafu unashuka ghafla bila sababu, simama uzime.

Sasa, kilichoua. Kwa 300Tdi nianze na gasketi yenye umbo la herufi P, iliyo mbele ya bloku nyuma ya breketi inayobeba vifaa vinavyozungushwa na mkanda. Inavuja kidogokidogo, matone yanakaukia kwenye injini ya moto, na mwenye gari haoni kitu chini asubuhi. Tafuta alama ya chumvi au rangi ya kulanti (dawa ya maji ya kupoozea) iliyokauka chini ya breketi hiyo. Kisha rejeta: injini ikiwa ya moto na imezimwa, pitisha mkono juu ya uso wake wote. Sehemu ya baridi katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyoziba, na kuipulizia maji kwa nje hakutaizibua. Feni ya viskasi, yaani ya klachi ya mafuta mazito, inayozunguka kirahisi kama pangaboi wakati injini ni ya moto imekufa. Ukiifungua kumbuka nati yake ya mm 32 ina nyuzi za kushoto, watu wanaivunja kwa kuivuta upande usio wake. Angalia pia kifuniko cha tanki la maji, maana kisiposhika presha maji yatachemka kwenye joto la chini kuliko inavyotakiwa. Na kama kuna mtu aliwahi "kuongeza nguvu" kwa kufungua dizeli kwenye pampu, rudisha kama ilivyokuwa. Moshi mweusi mlimani ni joto la ekzosi linalopita pale penye ufa wako.

Thamostati nayo. Hili ndilo ninalolisikia kuliko yote, na kila anayelisema analisema kwa uhakika kabisa. Thamostati haichemshi gari. Iliyokwama ikiwa imefunga inachemsha, na dawa yake ni mpya inayofunguka kwenye nyuzi 88, si tundu tupu. Kwenye injini nyingi zenye njia fupi ya maji, thamostati ikifunguka ndiyo pia inayobana njia hiyo. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, yaani umepunguza upoozaji siku ya mlima huku safari za kawaida injini ikitembea baridi. Dizeli inayotembea baridi haiunguzi mafuta vizuri, inachafua oili, na hedi inapata mabadiliko makubwa ya joto kila unapopandisha na kushusha mzigo. Mshale unakaa chini, mwenye gari anafurahi, na tatizo la rejeta limefichwa tu.

Kuhusu kuchomelea: inawezekana kuchomelea hedi ya alumini, na wapo wanaoifanya ipasavyo. Siti za valvu, yaani pete ambazo valvu hukalia, hung'olewa, ufa huchimbwa hadi mwisho wake, hedi nzima hupashwa moto kwanza, huchomelewa kwa gesi ya agoni, hupozwa polepole, kisha siti na gaidi (vibomba vinavyoongoza mashina ya valvu) huingizwa upya na kuchongwa. Hiyo si kazi aliyokuwa anaisema fundi wako. Kinachofanyika kwa kawaida ni kujaza juu ya ufa na kusawazisha, siti zikiwa mahali pake, wakati ufa unaendelea chini yake hadi kwenye njia ya maji. Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Alumini ya hedi ilikazwa kwa joto maalumu kiwandani, na ikiungua inalainika. Hedi laini unaweza kuiskimu ikang'aa, lakini ukiikaza uso wake unabonyea chini ya pete za gasketi na presha inatoka. Karakana yenye kipima ugumu itakuambia kwa dakika tano kama hedi imelainika. Isiyo nacho itakuambia "iko sawa".

Na kuskimu hakutibu ufa. Kuskimu kunatibu uso uliopinda, basi. Hedi mpya ya injini hii ina unene wa takriban mm 90. Kila unachokitoa kinasogeza valvu karibu na pistoni, kwenye injini ambayo mgandamizo wake ni 19.5 kwa 1 na haina nafasi ya kuchezea. Ukiskimu bila kuzamisha siti tena kufikia kipimo cha kitabu, valvu inaweza kugusa pistoni.

"Gasketi nene" nayo haichaguliwi kwa sababu hedi imeskimiwa. Huchaguliwa kwa kiasi pistoni inavyochomoza juu ya uso wa bloku. Weka geji ya saa juu ya bloku, isome sifuri, kisha ipeleke juu ya kila pistoni ikiwa juu kabisa. Pima pande mbili kwenye mstari wa pini ya pistoni, si kwenye ukingo wa kulia au kushoto ambako pistoni inachezacheza na kukupa namba ya uongo. Chukua pistoni iliyochomoza kuliko zote:

- mm 0.50 hadi 0.60: gasketi ya mm 1.30, yenye tundu moja la alama
- mm 0.61 hadi 0.70: ya mm 1.40, matundu mawili
- mm 0.71 hadi 0.80: ya mm 1.50, matundu matatu

Ukifunga ya matundu matatu mahali pa tundu moja "kwa usalama", unapoteza mgandamizo na utaanza kulalamikia kuwaka kwa shida asubuhi na moshi mweupe. Ukifunga nyembamba kuliko kipimo, pistoni inaweza kugonga hedi.

Kufungua ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kamshafti, shafti inayofungua valvu, iko ndani ya bloku. Belti ya taiming haiguswi. Fungua injini ikiwa baridi kabisa, na legeza bolti kwa kufuata kinyume cha mpangilio wa kukaza. Kuna hatari moja ndogo ambayo ina gharama kubwa: juu ya kila shina la valvu kuna kikofia kidogo cha chuma, vyote vinane. Ukiinua shafti ya roka (mikono inayobonyeza valvu) kwa haraka, oili inakishikilia kikofia kwenye roka, kinakuja nayo, halafu kinadondoka kwenye tundu la pushirodi (kijiti kinachosukuma roka) hadi kwenye sampu, karai la oili chini ya injini. Inua taratibu, chukua vikofia kimoja kimoja kwa sumaku, uvihesabu. Vikiwa saba, usiendelee na chochote mpaka cha nane kipatikane. Pushirodi zichome kwenye boksi la karatasi kwa mpangilio wake.

Kabla ya hedi mpya kukaa, weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya bloku pia, kwa urefu na kwa pembe. Fila (kibati cha kupimia nafasi) ya mm 0.05 ikipita kirahisi, tatizo liko chini na hedi mpya haitalimaliza. Safisha kwa kikwaruzo cha plastiki, si diski ya kung'arisha: vumbi lake linaingia kwenye oili na kula beringi. Matundu ya bolti yapulizwe hadi yakauke. Oili au maji yaliyobaki chini ya tundu hayabanwi, hivyo bolti inakupa ukazo wa uongo au inapasua bloku.

Gasketi inafungwa kavu. Bila gundi, bila silikoni, bila grisi. Bolti kitabu kinaruhusu zitumike hadi mara tano, lakini kwa gari lililopitia mikono usiyoijua, nani alikuwa anahesabu? Weka mpya. Ni za urefu tofauti, kwa hiyo zipange kwanza kwenye nafasi zake, paka oili kidogo kwenye nyuzi, kisha kwa kufuata mpangilio wa kitabu kutoka katikati kwenda nje: zote Nm 40 kwa toki renchi, zote digrii 60, zote digrii 60 tena, na zile za M12 zenye urefu wa mm 140 digrii 20 za ziada. Fundi anayekaza "kwa mkono anaoujua" mwambie aache. Digrii 60 za mchana na digrii 60 za jioni akiwa amechoka si kitu kimoja. Bolti za kukazwa kwa digrii hazirudiwi baada ya kilomita elfu moja, isipokuwa kitabu kiseme hivyo.

Tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, ni mm 0.20 zote, injini ikiwa baridi. Valvu namba 8 ikiwa imefunguka kabisa seti namba 1, ya 6 ikifunguka seti ya 3, na kuendelea hivyo: jumla siku zote ni tisa. Badilisha washa za shaba za nozeli, gasketi ya manifoldi, oili na filta yake. Maji yaliyoingia kwenye oili hayatoki kwa kuwashia gari tu.

Kujaza maji kumeua hedi mpya nyingi. Fungua plagi ya juu ya rejeta na ile ya kwenye nyumba ya thamostati, jaza kupitia tanki polepole mpaka maji yatoke bila mapovu, ufunge. Mfumo unachukua lita 11 na ushee. Ukiona umeingiza 8 "na umejaa", lita tatu hizo ni hewa, na hewa hukaa juu, ndani ya hedi. Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji safi. Maji ya bomba matupu yanakula alumini.

Sasa nyote mnaosoma, hata wenye Pajero na Prado za zamani zenye hedi za alumini: zile dawa za kuziba zinazomwagwa kwenye rejeta haziwezi kushika ufa unaopitisha presha ya silinda ya dizeli. Zinachoweza kuziba ni mirija myembamba ya rejeta na ya hita. Anayekuuzia chupa hiyo anakuuzia rejeta mpya ya mwezi ujao.

Na hedi ya mtumba, usiichukue kwa sababu imeng'arishwa na kupakwa rangi ya fedha. Pima unene wake sehemu nne kwa venia, kile kipimo cha taya. Iliyo chini sana ya mm 90 imeshaskimiwa, pengine zaidi ya mara moja. Angalia kati ya siti kwa kioo cha kukuzia: mahali penye rangi tofauti kidogo ya alumini, iliyo laini kuliko jirani yake, ni pa kuchomelewa. Halafu itiwe kwenye mashine ya kupima presha ikiwa imezamishwa kwenye maji ya moto, kwa sababu nyufa hizi hufunga zikipoa na kufunguka zikipata joto. Aliyeipima kwa maji baridi hajaipima. Muuzaji akikataa ipimwe mbele yako, mwachie.